Ngao na Uzito

Swali ninalotaka tulitafakari katika sura hii ni la zamani kuliko shule zote: ni kitu gani hasa kinachomwezesha mtu asipoteze mema aliyojaliwa? Wapo wanaojibu kwamba ni ulinzi. Mzungushie mtu sheria, mwekee wazee wa kumwangalia, mzibie njia za ubaya, naye atadumu katika wema. Wapo wengine wanaojibu kwamba ni uzito wa mtu mwenyewe, na kwamba asiye na uzito, hata ukimjengea ukuta wa mawe, atapeperuka tu. Mimi nimefanya kazi katikati ya majibu haya mawili kwa miaka zaidi ya thelathini, kwanza nikiwa mkufunzi wa fizikia na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu. Haukupita muhula ambao swali hili halikuingia ofisini kwangu likiwa na sura ya mwanachuo fulani.

Kwa kuwa somo langu lilikuwa fizikia, nimezoea kutafuta mwanga wa mambo ya watu katika vitu visivyo na roho. Jiwe halina tabia, wala sayari haina dhamiri. Lakini jiwe halisemi uongo, na sayari haijipendekezi kwa mtu. Tukiviuliza vizuri hutujibu bila upendeleo, na mara nyingine majibu yake hutuwezesha kuliona swali letu wenyewe kwa utulivu zaidi. Nakuomba basi, ndugu msomaji, tuzitembelee kwanza sayari nne za miamba zilizo karibu na Jua, kisha turudi hapa nyumbani.

Zebaki, ambayo wengine huiita Utaridi, ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Inafuata Zuhura, kisha Dunia yetu, kisha Mirihi. Zote nne zina ganda la mawe na kiini chenye chuma kingi, kama ndugu wa tumbo moja. Lakini hali zao zimetofautiana mno. Zuhura ina hewa nzito ajabu: kanieneo yake juu ya ardhi ni kama mara 92 ya ile ya hapa kwetu, na joto lake hufikia nyuzi 465 hivi za sentigredi. Dunia ina hewa ya kadiri, pamoja na bahari. Mirihi ina hewa hafifu isiyofikia hata sehemu moja ya mia ya hewa yetu. Zebaki haina hewa ya kutajika. Sayari hizi zilizaliwa pamoja, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita. Wanasayansi huuliza juu yake swali lile lile ambalo wazazi huuliza juu ya watoto wao: kwa nini mmoja amebaki na mali yake, na mwingine amefilisika?

Jibu linalopendwa zaidi vitabuni ni la ngao. Kutoka kwenye Jua hububujika siku zote mkondo wa chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, ambao huitwa upepo wa Jua, ukienda kwa kasi ya kilometa kama 400 kwa sekunde. Upepo huo ukiifikia hewa ya juu ya sayari, waweza kuichota kidogo kidogo na kwenda nayo. Dunia imejaliwa ngao dhidi yake. Ndani yake, kuanzia kina cha kilometa 2,900 hivi, kuna bahari ya chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho hupanda, hushuka na kuzunguka kwa sababu ya joto linalotafuta njia ya kutoka. Mwendo huo huzaa umeme, na umeme huzaa sumaku. Tangu mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert aliandika kwamba Dunia yenyewe ni sumaku, na ndiyo maana sindano ya dira hulala ikielekea kaskazini na kusini. Uga huo wa sumaku hutanda mbali nje ya hewa, ukaupinda upepo wa Jua utupite kando, kama maji ya mto yanavyolipita jiwe kubwa lililo katikati.

Mirihi nayo iliwahi kuwa na ngao. Chombo cha Marekani kiitwacho Mars Global Surveyor, kilichofika huko mwaka 1997, kilikuta kwamba miamba ya kale ya sayari hiyo bado ina sumaku, ishara kwamba miamba hiyo ilipoa wakati uga ungalipo. Uga wenyewe ulizimika yapata miaka bilioni 4 iliyopita. Tunajua pia kwamba palikuwa na maji. Gari la Curiosity, lililotua mwaka 2012 katika shimo kubwa liitwalo Gale, lilikuta matope yaliyogeuka mawe, masalia ya ziwa la kale. Kisha chombo kingine, MAVEN, kilichofika mwaka 2014, kilipima hewa ya Mirihi ikichukuliwa na upepo wa Jua, kiasi cha gramu 100 kila sekunde. Hadithi ikawa nzuri na fupi: ngao ilianguka, adui akaingia, mali ikaibwa.

Hadithi hii ina sehemu kubwa ya ukweli, tena ina mvuto, hasa kwa mwalimu mwenye dhamana ya nidhamu. Ukiwa na wanachuo mia tatu mbele yako mstarini asubuhi, ni rahisi kuinua kidole na kusema: tazameni, sheria zikilegea, hayo ndiyo yatakayowapata. Lakini mwalimu anapaswa kuipa hadithi yake mtihani kabla ya kuwapa watoto. Hadithi ya ngao ina mitihani mitatu migumu.

Wa kwanza ni Zuhura. Mwaka 1962 chombo cha Mariner 2 kilipopita karibu nayo hakikugundua uga wa sumaku, na vyombo vilivyofuata vimethibitisha kwamba sayari hiyo haizalishi ngao ndani yake. Tena iko karibu zaidi na Jua kuliko sisi, hivyo inapigwa vikali zaidi. Kwa hadithi ya ngao, Zuhura ingepaswa kuwa mwamba mtupu. Kumbe ndiyo yenye hewa nzito kuliko nduguze wote.

Wa pili ni Zebaki. Mwaka 1974 Mariner 10 iligundua kwamba sayari hiyo ndogo ina uga wa sumaku, dhaifu kweli, kama sehemu moja ya mia ya uga wetu, lakini upo. Basi hapa tuna mwenye ngao asiye na hewa, na kule Mirihi tuna asiye na ngao mwenye hewa, hata kama ni hafifu.

Wa tatu ni Dunia yenyewe. Miamba ya kale inaonyesha kwamba uga wetu umegeuka mara nyingi, kaskazini ya sumaku ikawa kusini, na kila ugeukapo hupungua nguvu kwanza. Ulipogeuka kabisa mara ya mwisho ni kama miaka 780,000 iliyopita. Yapata miaka 41,000 iliyopita ulidhoofika tena mno kwa karne kadhaa, ukabaki sehemu ndogo tu ya nguvu iliyopo leo. Wakati huo watu kama sisi walikuwapo, wakiwinda, wakipika, wakilea watoto. Hewa haikutoroka. Waliendelea kuvuta pumzi bila kujua kwamba ngao iliyo juu ya vichwa vyao imekuwa kama chandarua kilichotoboka.

Ni kitu gani basi kilichoishika hewa? Ni uvutano. Kila sayari huvuta vilivyo juu yake, na ili kitu kiponyoke moja kwa moja lazima kipate kasi fulani. Kwa Dunia kasi hiyo ni kilometa 11.2 kwa sekunde. Kwa Zuhura 10.4, kwa Mirihi 5 tu, na kwa Zebaki 4.3. Chembe za hewa hazitulii hata mara moja, hurukaruka kadiri ya joto lake, na zile nyepesi hukimbia kuliko nzito. Penye uvutano mkubwa nyingi hurudi chini. Penye uvutano mdogo nyingi hazirudi. Zebaki ina mkosi wa mambo mawili: uvutano ni mdogo, na joto la Jua ni kali.

Ngao nayo ina mpaka wake. Sumaku hugeuza njia ya chembe zenye chaji tu. Atomu isiyo na chaji huipita kana kwamba haipo. Kwa hiyo ngao yaweza kumzuia adui atokaye nje, lakini haiwezi kumshika anayeondoka mwenyewe kutoka ndani. Hata ngao ya Dunia ina milango yake huko kwenye ncha mbili, ambako hewa kidogo huvuja usiku na mchana. Vipimo vya vyombo vya angani vimeonyesha kwamba Zuhura, Dunia na Mirihi hupoteza chembe zenye chaji kwa viwango visivyoachana sana, na wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani ngao huokoa. Hakuna anayebishana juu ya uvutano.

Liko jambo la mwisho kabla hatujarudi nyumbani. Mirihi ina karibu sehemu moja ya kumi tu ya tungamo la Dunia. Kitu kidogo hupoa upesi. Kila mama anajua kwamba uji wa kwenye kijiko hupoa kabla ya uji wa kwenye sufuria. Chombo cha InSight kilitua huko mwaka 2018 kusikiliza mitetemo ya ardhi, na mwaka 2021 wataalamu wakatangaza kwamba kiini cha Mirihi hadi leo kina chuma kilichoyeyuka. Chuma hakijaganda chote. Kilichokoma ni ule mchemko wa kukizungusha kiasi cha kuzaa sumaku. Basi udogo ule ule ulioipa Mirihi uvutano mdogo ndio uliochangia kuizimia ngao yake mapema. Tulidhani ngao ni kitu cha nje, kumbe huzaliwa tumboni.

Sasa nauliza swali la kimaadili. Je, Mirihi ina hatia? Iliachia maji yake na hewa yake. Lakini haikuchagua kuwa ndogo. Utaona kwamba ni upuuzi kuilaumu. Hata hivyo tunapomtazama mtu aliyeporomoka, hatusiti hata kidogo. Tunasema: amelegea, hana msimamo, tulimpa kila kitu akakichezea. Huwa hatuulizi ukubwa wa alichokuwa nacho cha kumshikilia. Swali hili kwangu halikuwa la vitabuni. Nilitakiwa kulijibu kwa kuandika barua na kutia sahihi.

Chuo nilichokiongoza kilikuwa na uzio. Kilikuwa na kengele ya alfajiri na kengele ya kuzima taa, daftari la ruhusa getini, mwalimu wa zamu na kamati ya nidhamu. Siudharau uzio huo, na kama ningeanza upya leo ningeujenga tena. Vijana wa miaka kumi na tisa, wengi wao wakiwa mbali na wazazi kwa mara ya kwanza, wanahitaji muda wa kukua bila kuchotwa na kila upepo. Lakini uzio wa chuo una tabia moja: huishia siku ya mahafali. Siku ya pili yake mwalimu kijana hupewa barua ya kituo cha kazi, hupanda basi, kisha lori, kisha hutembea kwa miguu, na huko aendako hakuna kengele yangu.

Nitakueleza habari za wawili, bila majina. Mmoja nitamwita Kiranja, maana ndiyo kazi aliyoifanya chuoni kwa miaka miwili. Hakuchelewa hata siku moja. Nguo zake zilinyooka, maandalio yake ya masomo yalikuwa ya kuonyesha wengine. Mwingine nitamwita Mchelewaji. Huyo alikuwa mcheshi, mwema, na kila wiki jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliokata nyasi kama adhabu. Kama ungeniambia nikuonyeshe ni nani kati yao atakayedumu kazini, wakufunzi wote wangekuonyesha mmoja, na unamjua ni yupi.

Kiranja alipangiwa shule ya mbali. Mwaka wake wa tatu haujaisha, aliachishwa kazi kwa ulevi na utoro. Darasa lake lilikaa miezi bila mwalimu. Mchelewaji alipangiwa shule ya mbali vilevile, akakaa hapo hapo miaka ishirini na sita, mpaka alipostaafu.

Miaka mingi baada ya kufukuzwa, Kiranja alikuja nyumbani kwangu. Alivua viatu mlangoni, akaniamkia.

“Shikamoo, Mkuu.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu ndani.”

Nilipomwita mwalimu aliinamisha kichwa. Alikuwa ameomba kazi katika shule ya binafsi, na mwenye shule alitaka barua ya mdhamini. Nilimwambia anieleze kwanza mambo yalivyokuwa, bila kuniremba. Akanieleza. Alipewa nyumba iliyojitenga, upande wa pili wa uwanja wa shule. Lugha ya pale hakuijua. Mshahara ulifuatwa mbali, na mara nyingine aliufuata asiukute. Aliugua malaria siku nne, akapona, na hakuna aliyeuliza alikuwa wapi. Hakulaumu mtu, alikuwa akieleza tu. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: “Mkuu, chuoni nilijua nani ananiangalia. Kule sikuona hata mmoja anayenihitaji.”

Nilikumbuka maneno ya Mchelewaji. Yeye niliwahi kumtembelea kituoni kwake, nikamwuliza kwa nini hakuomba uhamisho wakati wenzake wote walikwisha kuhamia mjini. Alicheka. “Nitaondokaje, Mkuu? Daftari la msiba liko kwangu.” Wiki ya kwanza alipofika, kijiji kilipata msiba, mzee mmoja alimwambia, wewe una mwandiko mzuri, andika rambirambi za watu. Akaandika. Tangu siku hiyo hakuna aliyezikwa bila yeye kuitwa. Baadaye wakampa kipande cha shamba, kisha timu ya mpira, kisha watoto wakaanza kupewa jina lake.

Katika kidato cha kwanza kila mwanafunzi hufundishwa tofauti ya tungamo na uzito, na wengi huikosea mpaka kidato cha nne. Tungamo ni maada iliyomo ndani ya kitu. Haibadiliki ukikipeleka Mirihi wala Zebaki. Uzito ni nguvu ambayo mahali pale hukivuta kitu hicho. Mtu ambaye mizani ya hapa inamwonyesha kilo 60, mizani ile ile ikiwekwa Mirihi itamwonyesha kilo 23 hivi. Hajakonda, hajapungukiwa na kitu. Amebadilisha mahali pa kusimama.

Nilikuwa nimeifundisha tofauti hiyo maisha yangu yote ubaoni. Siku ile niliiona imekaa mbele yangu kwenye kiti. Tungamo la Kiranja halikuwa dogo kuliko la mwenzake; nathubutu kusema lilikuwa kubwa zaidi. Lakini uzito si mali ya mtu peke yake. Ni uhusiano kati yake na pale alipo. Newton alionyesha mwaka 1687 kwamba kila chenye maada huvuta kila kingine: Dunia hukuvuta wewe, nawe unaivuta Dunia. Hata uvutano wa Dunia haukukaa mahali pamoja kama mfalme ikulu; ni jumla ya kila kokoto na kila tone, vyote vikivutana. Wazee wetu walisema mtu ni watu. Daftari la rambirambi ni kokoto dogo. Timu ya mpira ni kokoto jingine. Ukizijumlisha, mwenye kutaka kuondoka anakuta kwamba hana kasi ya kutosha.

Utaniuliza: basi hakuna mwenye hatia? Kila mlevi atasema kijiji hakikumvuta? Hapana. Sayari haina miguu, mtu anayo. Mirihi haikuweza kwenda kubisha hodi kwa jirani na kusema, naona naelea, nishikeni. Kiranja aliweza, na hakufanya. Tena watoto wa darasa lile walikaa miezi wakichora mchangani wakati wenzao wanasoma, na hasara yao hairudishwi na maelezo yoyote. Aliyemfukuza kazi alitenda haki. Ninachokataa ni kuifanya hukumu hiyo kuwa jibu la maswali yote. Kosa ni lake. Lakini orodha ya waliokuwa na wajibu ni ndefu kuliko jina lake, na ndani yake wamo waliompa nyumba iliyojitenga na wasimpe kitu cha kufanya.

Uzito nao una kipimo chake, nisije nikasikika kama ninasifia kila kivutacho. Zuhura imeishika hewa yake nzito, lakini haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko gesi zote, iliponyoka, na maji ya sayari ile yakatoweka pamoja nayo. Sasa hewa iliyobaki yaitesa sayari kama chungu kilichofunikwa juu ya moto. Navijua vijiji vya namna hiyo, na koo za namna hiyo. Wanamvuta mtu kwa umbea, kwa madai na kwa kijicho mpaka kila kilicho chepesi na kizuri ndani yake kinakauka, hubaki mzigo tu. Kuhitajiwa ni kitu kimoja, kukamuliwa ni kingine. Mwalimu yule wa daftari la msiba alihitajiwa. Na likizo yake alipewa, na aliposema hapana, watu walimsikiliza.

Barua niliiandika usiku ule. Niliandika kwamba huyu alifukuzwa kazi, nikataja mwaka na sababu, kwa kuwa udhamini unaoficha si udhamini. Kisha nikaandika kwamba ni mwalimu hodari, na kwamba akipewa nafasi apangwe karibu na wenzake, na apewe kazi ambayo asipoifanya yeye yupo mtu atakayekosa kitu. Mwenye shule alinipigia simu. Aliona barua imekaa vibaya. “Mzee wangu, unamdhamini au humdhamini?” Nikamjibu kwamba namdhamini, lakini nami nataka adhamana kutoka kwake: kwamba hatamweka peke yake. Alinyamaza kidogo, akasema atajaribu.

Kiranja hakugeuka malaika. Muhula wa kwanza alilewa mara moja ninayoijua mimi. Asubuhi yake hakuonekana, na watoto wa darasa la tatu wakatumwa, au walijituma wenyewe, kwenda kumgongea mlango. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo ya vitabu. Walimwita, “Mwalimu, vitabu!” wakaita tena na tena, mpaka akatoka. Kwa uzio wangu wa zamani, asubuhi ile ingekuwa siku ya kumpeleka kamatini. Kwa ufunguo ule, ilikuwa siku ya kwenda kufungua stoo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jibu langu kwa swali tulilolianza ni hili. Ngao ina kazi yake, hasa kwa aliye mdogo ambaye moto wake wa ndani haujashika vizuri. Ninasikitika kuona kwamba katika jamii yetu wenye uzito mkubwa ndio wenye kuta na walinzi, na wepesi huachwa kwenye upepo. Lakini ngao haimshiki anayeondoka mwenyewe. Kinachomshika ni kuvutwa na watu wanaomhitaji, na kuvutwa huko hakuwezi kujengwa na mtu mmoja. Ni deni la pande mbili: lake yeye kukaribia, na letu sisi kumpa la kufanya.

Msimu huu, kama kila mwaka, vijana watapewa barua za vituo vya kazi, na wazazi watawafungia masanduku. Wazazi huuliza maswali mazuri: nyumba ina kufuli? Maji yako mbali? Usiku kuna usalama? Yote ni maswali ya ngao, na ni haki yao kuyauliza. Ningewaomba waongeze moja, na waliulize kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa yeyote atakayempokea mtoto wao stendi: wiki ya kwanza, ni nani atakayembishia hodi kumwomba msaada?